Jina la Kijiji

Mtu anayeishi Karatu hawezi kusema kwamba mambo ya Ngorongoro hayamhusu. Ule msitu unaouona ukisimama sokoni na kutazama kaskazini ndio unaotulishia chemchemi zetu. Wageni wanaolala katika hoteli zetu hawaji kututazama sisi, huja kwa ajili ya kreta. Vijana wetu ni madereva, wapishi na wauza mboga kwa sababu ya lango la Lodoare lililo juu yetu. Nao Wamasai wa huko juu hushuka kwetu na mbuzi na ng'ombe siku ya mnada, wakarudi na magunia ya mahindi. Na hapa sina budi kueleza jambo ambalo sisi wakulima hatupendi kulisema kwa sauti: tumewauzia mahindi kwa miaka mingi watu waliokatazwa kulima. Kilimo kilipigwa marufuku huko mwaka 1975, kikaruhusiwa kidogo mwaka 1992, kisha mwishoni mwa miaka ya 2000 marufuku ikarudi. Kila iliporudi, gunia letu lilipata mnunuzi.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, siandiki haya kama mwamuzi aliyekaa pembeni. Mimi ni Mwiraqw wa Karatu, mwalimu mstaafu, nina faida yangu katika uhifadhi kama jirani yeyote wa hapa. Na babu zetu hawakuwa marafiki wa Wamasai. Hadithi nilizosikia utotoni kuhusu Wamasai zilikuwa za ng'ombe walioibwa na watu waliolala na mikuki. Ninayoyasema juu yao hayatoki katika udugu wa damu. Yanatoka katika kazi niliyoifanya kwa miaka 37, ambayo miaka 19 ya mwisho nilikuwa mwalimu mkuu.

Nilitoka chuo cha ualimu nikiwa kijana, na sikukaa kazini muda mrefu Operesheni Vijiji ikaanza. Mwaka 1974 walimu tulikuwa watu wa kazi zote. Tulifundisha asubuhi, na mchana tuliketi na viongozi tukiandika majina ya wakuu wa kaya. Sidai kwamba ulikuwa mwaka wa furaha. Wengine walihama wenyewe, wengine walihamishwa, na katika sehemu mbalimbali za nchi nyumba zilichomwa ili mwenye nyumba asirudi. Hata hivyo, kulikuwa na maneno ambayo viongozi waliyarudia kila mkutano, nami niliyaamini: kaeni pamoja, ili Serikali iweze kuwaletea shule, zahanati na maji. Mtu aliyetawanyika haonekani. Mtu aliye kijijini ana jina, na mwenye jina ana haki ya kudai.

Katika wilaya za Wamasai operesheni hiyo iliitwa Imparnati, yaani makazi ya kudumu. Wafugaji ambao kwa karne nyingi walifuata mvua waliambiwa wakae, wajenge, wahesabiwe. Ikafuata Sheria ya Vijiji ya mwaka 1975, na vijiji vya tarafa ya Ngorongoro vikapata mwenyekiti, katibu na mhuri kama vijiji vyetu. Ikaja Elimu kwa Wote mwaka 1977, tukawa tunazunguka kutafuta watoto. Kumpata mtoto wa Kimasai aketi darasani wakati ule ilikuwa kazi ngumu. Wazee walimtoa yule waliyemwona hafai kuchunga. Leo wajukuu wa wazee hao ni walimu, wauguzi na mawakili. Tuliwaomba waje shuleni, wakaja.

Sitaki kusimulia historia yote ya Ngorongoro, maana ni ndefu, lakini mambo machache ni lazima yatajwe. Mwaka 1958 wazee 12 wa Kimasai walitia sahihi makubaliano ya kuiacha Serengeti ili iwe hifadhi ya taifa. Mwaka 1959 likaundwa eneo la Ngorongoro, kilometa za mraba 8,292, ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangeishi pamoja. Gavana Richard Turnbull aliwaambia wawakilishi wao mwaka huo kwamba pakitokea mgongano kati ya maslahi ya wanyama na ya watu wa humo, ya watu ndiyo yatakayotangulia. Haikupita muda mrefu. Mwaka 1974 wakazi wa ndani ya kreta wakaondolewa. Mwishoni mwa mwaka 2016 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaagiza hata mifugo isishuke tena humo kunywa maji na kulamba chumvi. Kila mara waliambiwa wasogee kidogo tu. Mtu aliyesogezwa kidogo mara nne amekwisha sogea mbali.

Upande wa pili nao una hoja, tena si hoja ya kudharau. Wakati eneo linaundwa wakazi walikuwa wapatao 8,000. Sasa wamezidi 100,000, na mifugo yao ni mingi. Ardhi haikuongezeka. Unesco iliiandika Ngorongoro katika urithi wa dunia mwaka 1979, na nchi yetu inapata fedha nyingi za kigeni kwa ajili yake. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alisema waziwazi kwamba Ngorongoro inapotea. Mimi ninayekunywa maji ya msitu ule siwezi kucheka hoja hiyo. Msitu ukifa, bomba langu litakauka kabla ya la waziri.

Lakini hoja ikiwa nzuri haina maana kwamba kila njia ya kuitekeleza ni nzuri. Na hata hoja yenyewe ina mahali panapovuja. Katikati ya miaka ya 1960 kreta ilikuwa na vifaru zaidi ya 100. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa hawafiki 20. Watu waliondolewa humo mwaka 1974, katikati ya kipindi hicho. Sisemi kwamba kuondoka kwao ndiko kulikowaua vifaru, maana ujangili wa pembe ulikuwa umeenea Afrika Mashariki nzima. Nasema tu kwamba kumwondoa mchungaji hakukumwokoa kifaru.

Mwaka 2022 ndipo mambo yalipochukua sura mpya. Serikali ilitangaza kwamba wakazi wa Ngorongoro wanaopenda kuhama kwa hiari watapelekwa Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, safari ya kilometa kama 600. Kila familia ingepewa nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja cha ekari 2.5 na shamba la ekari 5, pamoja na fidia. Misafara ilianza mwezi wa Juni mwaka huo. Wako waliokwenda na kushukuru. Mtu ambaye hakuwa na ng'ombe wala ruhusa ya kulima anaweza kuona shamba la ekari 5 kuwa ni neema, nami sina haki ya kumwambia hakufurahi. Wako waliolalamika kwamba hakuna malisho ya kutosha. Na huko Msomera kulikuwa na watu tangu zamani, wengine wao Wamasai vilevile, ambao nao walisema ardhi iliyogawiwa ilikuwa yao.

Neno lililonifanya nikose usingizi ni hilo la hiari. Mwezi wa Machi 2022, kabla ya misafara kuanza, fedha zilizotengwa kwa ajili ya shule za Ngorongoro ziliagizwa zihamishiwe Handeni. Mwaka huohuo ndege ndogo za huduma ya tiba, zilizokuwa zikiwafuata wagonjwa na wajawazito mbali na barabara, zikazuiwa kuruka. Madarasa yaliyochakaa yakaachwa yachakae. Daftari la kupigia kura nalo, kwa wakazi wengi, likawaonyesha kwamba wao ni wapiga kura wa Msomera, ingawa hawajawahi kuiona.

Mmoja wa vijana waliofanya mazoezi ya kufundisha chini yangu ni mwalimu katika shule mojawapo ya huko juu. Hunitembelea akishuka kununua mahitaji. Siku moja alinieleza habari ya choo cha wasichana kilichotitia wakati wa masika. Wazazi walichanga. Walipata mifuko 14 ya saruji, wakaiweka dukani hapa Karatu wakingoja kibali cha kuipitisha getini. Ofisi moja iliwatuma kwenye ofisi nyingine, na ile nyingine ikasema suala la ujenzi limesimama kwa sasa. Saruji ikaganda dukani.

Nikamwuliza, "Sasa wasichana wanakwenda wapi?"

Akanijibu, "Porini, Mwalimu. Wakubwa wameacha kuja."

Kisha akaniuliza yeye, "Hivi Mwalimu, ulipotufundisha uongozi wa shule, ulituambia mkuu wa shule afanye nini akitaka mtoto aache shule bila yeye kuonekana amemfukuza?"

Sikuwa nimefundisha somo hilo. Lakini kila mwalimu anajua jinsi linavyofanyika. Ukimnyima mtoto uji, ukamnyima dawati, ukamtoa mwalimu wake, kisha baada ya mwaka ukamwuliza kama anapenda kuhamia shule nyingine, atasema anapenda. Utaandika kwamba amehama kwa hiari, na barua itakuwa na sahihi ya mzazi. Hakuna mkaguzi atakayekukamata kwa karatasi. Lakini wewe utajua.

Hapo ndipo nilipouona mgeuko wa miaka 50. Mwaka 1974 tuliwahamisha watu ili wapate huduma. Mwaka 2022 huduma zikahamishwa ili watu wazifuate. Mara ya kwanza shule ilikuwa ahadi. Mara ya pili kutokuwapo kwa shule kumekuwa fimbo. Nami nimeitumikia shule maisha yangu yote, na siwezi kukubali ifanywe fimbo, hata kama anayepigwa nayo si wa kabila langu.

Tarehe 2 Agosti 2024 ukaja mwisho wa mambo, au kilichoonekana kuwa mwisho. Lilitoka Tangazo la Serikali namba 673 likifuta kata 11, vijiji 25 na vitongoji 96 vya tarafa ya Ngorongoro. Endulen, Nainokanoka, Olbalbal, Kakesio, Naiyobi na wenzao hawakuwapo tena. Bila shaka milima ilikuwapo, na maboma, na watu zaidi ya 100,000. Kilichokosekana ni jina.

Msomaji ambaye hakuwahi kushika daftari la mahudhurio anaweza kudhani kwamba jina ni jambo dogo. Mkaguzi wa shule aliyenifunza kazi alikuwa mkali katika jambo moja. Jina la mtoto huandikwa kwa wino. Halifutwi kwa ufutio. Unaweza kulipigia mstari kwa sababu zinazojulikana: amehitimu, amefariki, amehama na barua yake ipo. Na kila mstari sharti uwe na tarehe na maelezo. Nilipokuwa mwalimu mkuu niliwahi kuwaambia walimu wangu kwamba daftari ni kitu cha mtoto, si cha ofisi. Mtoto asiye na jina daftarini hawezi kuitwa, na asiyeitwa hawezi kujibu kwamba yupo. Anaweza kuketi dawatini mwaka mzima, na bado chaki haikupelekwa kwa ajili yake, wala uji, wala mtihani.

Kijiji ni vivyo hivyo. Kijiji kisichokuwapo hakina mwenyekiti wa kuandika barua. Hakina mkutano wa kupinga wala wa kukubali. Hakipigi kura. Mzee mmoja wa Endulen, ambaye huniuzia mbuzi wa sikukuu, aliniambia mnadani, "Mwalimu, nimeambiwa sikai popote. Sasa mbuzi huyu amekula majani ya wapi?" Tulicheka wote wawili, kisha tukanyamaza.

Kuanzia tarehe 18 Agosti 2024 watu hao wasiokaa popote walijitokeza barabarani. Walikusanyika kwa maelfu, wanaume na wanawake, vijana na vikongwe, kando ya ile barabara inayokwenda Serengeti, mashuka mekundu na ya buluu yakijaa hata magari ya watalii yakashindwa kupita. Miongoni mwa Wamasai, mtu anayeshika majani mkononi anaomba amani. Waliimba, wakasali, wakainua mabango wakidai haki ya kupiga kura na kurudishiwa huduma. Walikuwa huko siku kadhaa katika baridi ya ukingo wa kreta, ambayo wanaoijua wanaijua. Hawakuchoma gari. Ukikumbuka ya Loliondo mwezi wa Juni 2022, wakati wa kuweka mipaka katika kilometa za mraba 1,500, ambapo askari polisi aliuawa na wananchi wengi wakajeruhiwa au kukimbilia Kenya, utaona kwamba utulivu ule haukuwa jambo la bahati. Uliamuliwa.

Mimi nilikuwa nyumbani, nikisikiliza redio na kuwauliza madereva waliorudi. Madereva walikuwa na hasira, maana safari zilivunjika na posho ikapotea. Nikamwambia mmoja wao, mwanafunzi wangu wa zamani, kwamba yale yaliyokuwa yakifanyika kule juu ni jambo alilolifanya mwenyewe kila asubuhi kwa miaka saba. Jina lake liliposomwa, alisema yupo. Wale jina lao halikusomwa, basi wakaja barabarani kusema wapo.

Tarehe 22 Agosti Mahakama Kuu Arusha ikasimamisha kwa muda utekelezaji wa tangazo lile, katika shauri lililofunguliwa na mkazi mmoja. Siku iliyofuata Waziri William Lukuvi akaenda kuwaambia wananchi kwamba huduma zitarejeshwa na kwamba watapiga kura palepale wanapoishi. Tarehe 1 Desemba 2024 Rais alikutana na wawakilishi wao Arusha, na mwezi wa Februari 2025 akazindua tume mbili, moja ya kuchunguza migogoro ya ardhi na nyingine ya kutazama jinsi zoezi la kuhama lilivyotekelezwa. Haya yote lazima tuyapongeze. Serikali inayorudi nyuma hatua moja kumsikiliza raia haikushindwa. Imefanya kazi yake.

Lakini tusijidanganye kwamba kila kitu kimekwisha. Wakati mwingine huwaza habari ya Magomeni Kota, Dar es Salaam. Huko mwanzoni mwa miaka ya 2010 nyumba za zamani za watu wa kipato kidogo zilivunjwa ili yajengwe maghorofa. Kaya 644 zikaondoka zikiwa na ahadi ya kurudi. Zilingoja karibu miaka 10, zikipanga huku na huko, na wapo waliokufa wakingoja. Hiyo haikuwa haki kamili. Lakini orodha haikupotea. Mwezi wa Machi 2022 Rais alipozindua maghorofa yale, hesabu ilikuwa ileile, 644, na wakazi wa zamani wakapewa makazi katika ardhi ileile waliyotoka. Mwaka huohuo mmoja, nchi hiyohiyo moja, mtu wa Magomeni alirudishwa kwa sababu jina lake lilitunzwa, na mtu wa Ngorongoro akaanza kunyimwa choo cha shule. Basi si kwamba hatujui kufanya vizuri. Tunajua. Tumewahi kufanya.

Kuna wanaoniuliza, kwa kuwa nina maoni mengi, suluhisho la watu 100,000 na ng'ombe wao ni lipi. Mimi si mtaalamu wa malisho. Pengine wengine watahama, na pengine ni vizuri wahame. Pengine mifugo itapunguzwa. Pengine sisi wa Karatu nasi tutaambiwa tuache kuni na mbao za msitu, na pato la utalii ligawiwe kwa namna nyingine. Yote hayo yanaweza kuzungumzwa. Masharti yangu ni mawili tu, na ni ya mwalimu.

Kwanza, mtu aulizwe akiwa ameshiba. Shule iwe wazi, zahanati iwe na dawa, ndege iruke, saruji ipite getini, na ndipo aulizwe kama anataka kuhama. Atakayesema ndiyo wakati huo, tumsindikize kwa ngoma hadi Msomera. Atakayesema hapana, hapana yake iwe na uzito uleule.

Pili, yale yaliyoandikwa na tume yasomwe kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa Kimaa, chini ya mti, katika kila kijiji kati ya vile 25. Yasisomwe Dodoma peke yake, wala katika hoteli za Arusha. Watu hawa waliwahi kuwekewa karatasi mwaka 1958, wazee 12 wakatia sahihi, na wajukuu bado wanauliza babu waliambiwa nini hasa.

Yule mwalimu kijana alipita kwangu majuzi. Wazazi wamechanga tena. Safari hii hawakuhifadhi saruji dukani. Wameamua kununua baada ya kibali, na wamemwagiza akiandike kibali hicho kwa jina la kijiji, kwa herufi kubwa, na kupiga mhuri.